Taa ya Mstari Haizimiki: Namna ya Kutafuta Tatizo Hatua kwa Hatua Kabla ya Kununua Kamera

Wiki haipiti bila mtu kuniletea Harrier, Forester au X-Trail yenye malalamiko yale yale. Ama taa ya manjano yenye picha ya gari kati ya mistari miwili imegoma kuzimika, ama gari limeacha kabisa kulia likivuka mstari. Nikiuliza mmefanya nini mpaka sasa, jibu huwa moja: "Tulipiga skana, tukafuta, ikarudi." Wapo waliofuta mara tatu, na mara zote tatu wamelipa.

Inarudi kwa sababu skana, kile kifaa cha kusoma na kufuta hitilafu kwenye kompyuta ya gari, imetangulia, wakati zamu yake iko karibu na mwisho. Mfumo huu wa kumwonya dereva anapovuka mstari ni jicho, yaani kamera, lililobandikwa nyuma ya kioo cha mbele. Jicho likizibwa, likipinda au likinyimwa umeme, kompyuta itaandika hitilafu tena hata ukiifuta mara mia. Kwa hiyo tunaanza nje ya gari na kuingia ndani polepole. Hatua za mwanzo hazigharimu chochote, na ndizo zinazomaliza kesi nyingi zinazofika kwangu Ndeeba, Kampala.

Hapa nitauita mfumo wa mstari. Kwenye Toyota kitufe chake kina herufi LDA, na kwenye magari mengine ni LDW au LDP. Gari lililotoka Japani moja kwa moja linaweza kuwa na maandishi ya Kijapani matupu, basi tafuta ile picha ya gari kati ya mistari.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, viwili ikiwezekana, na spiriti ya kusafishia
- Tochi ndogo
- Geji ya upepo wa tairi
- Futi ya kupimia
- Multimita (kipimo cha umeme)
- Skana inayoingia kwenye kompyuta ya kamera, si ile ndogo ya bei ya chini inayosoma injini tu
- Daftari na kalamu
- Mtu wa pili wa kukaa pembeni wakati wa kujaribu barabarani

Tenga nusu siku.

Na onyo moja kabla hujashika bisibisi: pembeni mwa kioo cha mbele, ndani ya nguzo za kushoto na kulia, magari mengi yana mifuko ya hewa ya pazia. Ukitaka kufungua plastiki za hapo, toa kwanza waya hasi wa betri na usubiri dakika chache. Plagi za manjano za mifuko hiyo usizipime kwa multimita hata kidogo.

## Hatua ya 1: Jua gari linalalamika nini

"Haifanyi kazi" ni malalamiko ya aina tatu, na kila moja ina njia yake.

Aina ya kwanza, taa ya manjano inawaka na haizimiki. Hapo kompyuta yenyewe imegundua tatizo na imelihifadhi. Aina ya pili, hakuna taa yoyote lakini gari halionyi. Hapo mara nyingi kompyuta haijui kwamba kuna tatizo, au hakuna tatizo kabisa. Aina ya tatu, gari linalia ovyo wakati uko katikati ya njia yako. Hiyo karibu kila mara ni kamera inayoangalia pembeni kidogo.

Andika kwenye daftari: lilianza lini, na wiki ile gari lilifanyiwa nini. Kioo kilibadilishwa? Betri? Liligongwa mbele? Lilinyanyuliwa? Swali hili la mwisho litarudi huko mbele.

Angalia pia taa nyingine. Kama taa ya ABS (mfumo wa breki) inawaka pamoja na ya mstari, achana na ya mstari kwa sasa. Mfumo huu unategemea kompyuta ya breki ili ujue gari linakwenda kasi gani, na waya za sensa za magurudumu hukatika sana kwenye magari yanayoishi barabara za vumbi na tope. Ukitengeneza ABS, taa zote mbili huweza kuzimika kwa mkupuo.

## Hatua ya 2: Hakikisha barabara inatosha

Kamera haioni barabara, inaona mistari. Pasipo na mstari, au palipobaki kivuli chake tu, gari hunyamaza, na hiyo si hitilafu. Barabara nyingi tunazopita kila siku zina mstari upande mmoja, na ukingo wa lami umemeguka umeungana na vumbi.

Kasi nayo ina mpaka wake. Toyota nyingi huanza kuonya kuanzia takriban kilomita 50 kwa saa. Kampuni nyingine husubiri hadi 60 au zaidi. Mtu anayezunguka Kampala kwenye foleni kutwa nzima anaweza kumaliza mwezi bila gari kumwonya hata mara moja.

Tena ukiwasha indiketa mfumo hunyamaza kwa makusudi, kwa kuwa unaamini umeamua kuhama. Ndiyo maana wenye mazoea ya kujaribu kwa kuwasha indiketa na kuvuka mstari huniambia mfumo umekufa, kumbe ni mzima.

Kuna na jua. Ukielekea Jinja saa moja asubuhi, jua liko usoni pako na usoni pa kamera. Ikizima kwa dakika kumi kisha ikarudi yenyewe, iache. Gari lililoanikwa juani tangu asubuhi vioo vikiwa vimefungwa nalo linaweza kuzima kamera kwa muda kwa ajili ya joto. Poza gari kwanza ndipo uhukumu.

Ukigundua gari huonya vizuri penye mistari mipya na kunyamaza penye mistari chakavu, umemaliza. Funga daftari.

## Hatua ya 3: Kagua kioo kutoka nje, kisha kutoka ndani

Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mama mmoja wa makamo alikuja na Harrier kutoka Mbarara. "Mwanangu," akaniambia, "gari hili lilikuwa linanigombeza nikitoka kwenye mstari. Siku hizi limenyamaza kama limenuna." Nikakaa kiti cha dereva, nikapiga skana, nikaona hitilafu ya kamera. Nikamshauri anunue kamera iliyotumika. Tukafunga, taa ikarudi. Siku ya pili jioni nikiwa nimeegemea boneti, shingo inauma, nikainua macho nikaangalia kioo kutoka nje. Stika ya bima. Aliyeibandika alikuta sehemu ya chini imejaa stika za zamani, akaiweka juu, nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma, na ukingo wake ulikuwa umefunika kama theluthi ya dirisha la kamera. Ukiwa ndani ya gari huwezi kuiona, maana kifuniko cha plastiki kinaificha. Nikaikwangua, nikafuta hitilafu, ikazimika. "Kumbe ni karatasi!" akasema. Nikamrudishia fedha ya kamera.

Kwa hiyo simama mbele ya gari kwanza. Juu katikati ya kioo utaona eneo jeusi lenye uwazi wa umbo la trapeza, na ndani yake lenzi. Kwenye Subaru zenye EyeSight utaona lenzi mbili, moja kila upande. Tafuta haya:

- stika, mkanda wa jua au tinti iliyopita juu ya uwazi ule
- ufa au tobo la kokoto mbele ya lenzi, hata likiwa dogo kama punje ya mchele
- mipira ya wepa iliyochoka, inayoacha ukungu wa maji palepale
- kinyesi cha ndege (ukiegesha chini ya mti wa makalooli, wale korongo wakubwa, hapa Kampala unajua ninachosema)

Sasa ingia ndani. Toa kamera ndogo ya kurekodi ajali kama imebandikwa karibu, toa na tasbihi au rozari ndefu inayoning'inia. Ondoa pia boksi la tishu na kitambaa cheupe juu ya dashibodi, kwa kuwa jua likivimulika taswira yake hujitokeza kwenye kioo na kamera huiona kama mstari mwingine.

Kisha kile kifuniko cha plastiki. Kwenye magari mengi hutoka kwa kuvuta klipu. Pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo kwenye kioo mbele ya lenzi, si kwenye lenzi yenyewe. Gari la miaka minane au kumi ambalo halijawahi kufunguliwa hapo litakuonyesha kitu: kitambaa hutoka na rangi ya chai ya rangi. Ni vumbi na mvuke wa plastiki uliojishika polepole, na kwa jicho la dereva kioo kilionekana safi.

Lenzi usiiguse kwa kidole wala kitambaa. Kwenye Subaru hasa, zile kamera mbili hupima umbali kwa kulinganisha picha zake, na ukizisukuma kidogo tu umejitafutia kazi ya hatua ya 8.

Swali la mwisho la hatua hii: kioo hiki ni cha asili? Kioo mbadala kinaweza kufanana kwa macho, lakini breketi ya kamera ikawa imegundishwa milimita chache pembeni, au glasi ikawa inapinda mwanga mbele ya lenzi. Angalia kama breketi inacheza ukiitikisa polepole. Ikicheza, hakuna kalibresheni (kuiwekea kamera upya mwelekeo wake) itakayoshika.

Mafanikio hapa: ukimulika tochi kutoka nje unaona lenzi nzima, bila ukungu wala kivuli. Endesha gari siku moja kabla ya kuendelea, kwani mifumo mingi hujifutia hitilafu yenyewe ikishaona vizuri.

## Hatua ya 4: Pima mkao wa gari

Hii ni hatua ya kwetu kabisa, na vitabu vya watengenezaji havijaiandika kwa ajili yetu.

Gari likishuka bandarini Mombasa likafika Kampala, kitu cha kwanza wengi wanachofanya ni kulinyanyua. Fundi anaweka spesa juu ya springi ili gari lisisugue matuta, na mwenye gari anafurahi. Kamera haikuambiwa. Chukua gari lenye urefu wa mita 2.7 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukinyanyua mbele peke yake kwa sentimita 3, pua imeinuka kwa zaidi ya nusu nyuzi. Inaonekana kidogo. Lakini kosa dogo la pembe hukua kwa umbali: kamera ikikosea kwa nyuzi 1 kwenda kushoto au kulia, mita 50 mbele inakuwa imekosea kwa sentimita 87, na njia yenyewe ina upana wa mita tatu na kitu.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Egesha penye sakafu tambarare, toa mizigo yote.
2. Jaza upepo kulingana na kibandiko cha mlango wa dereva. Usijaze kwa kukadiria.
3. Hakikisha matairi manne yana saizi moja, ile iliyoandikwa kwenye kibandiko.
4. Kwa futi, pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, kona zote nne. Andika.

Kushoto na kulia visipishane zaidi ya sentimita moja hivi. Vikizidi, kuna springi iliyochoka au spesa iliyowekwa upande mmoja.

Halafu usukani. Ukienda moja kwa moja, usukani umenyooka? Kama unalazimika kuushika umepinda ili gari liende sawa, sensa ya pembe ya usukani inaiambia kompyuta kwamba unakata kona. Hili hutokea baada ya alaimenti iliyofanywa haraka, pale fundi anaposawazisha magurudumu na kusahau kuuweka usukani katikati. Rudi kwake. Huna haja ya kulipa mara ya pili kwa kazi ambayo haikuisha.

## Hatua ya 5: Umeme

Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha gari. Volti 12.6 ni nzima, 12.2 imebaki karibu nusu. Washa injini: 13.8 hadi 14.5 ni kawaida. Magari mapya ya Kijapani hupunguza chaji makusudi ili kuokoa mafuta, basi usishtuke ukiona 12.8 kwa muda. Washa taa kubwa na feni, volti zipande.

Betri dhaifu huleta hitilafu za ajabu. Volti zikishuka wakati wa kupiga stata, kompyuta ya kamera huamka katikati ya usingizi na kuandika kwamba haikusikia wenzake. Unaona taa tano kwenye dashibodi, na kumbe dawa ni betri.

Kama betri ilitolewa hivi karibuni, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, kisha endesha mwendo mfupi ulionyooka. Baadhi ya magari hurudisha sifuri ya usukani kwa njia hiyo, na taa huzimika bila kuguswa na mtu.

Malizia na fyuzi ya kamera. Ivute, ipime kwa multimita. Kuitazama kwa macho hakutoshi.

## Hatua ya 6: Sasa leta skana

Chagua soko la Japani kwenye skana kama gari lilitoka Japani. Ukichagua Ulaya au Marekani, skana inaweza kukwambia gari halina kamera.

Soma kompyuta zote, si ya kamera peke yake. Piga picha skrini kabla ya kufuta chochote. Nasisitiza hili kwa sababu kufuta bila kuandika ndiko kunakowafanya watu wazunguke: pamoja na kodi (namba ya hitilafu) umefuta kasi, volti na muda hitilafu ilipotokea, yaani ushahidi wote.

Herufi ya kwanza ya kodi inakupa mtaa wa kutafuta. P ni injini na gia, C ni breki na usukani, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. U0126, kwa mfano, maana yake sensa ya pembe ya usukani haisikiki. Mtu aliyenunua kamera kwa sababu ya kodi hiyo amenunua miwani kwa ajili ya kidole kinachouma.

Tenganisha kodi za sasa na za zamani. Futa, endesha dakika ishirini penye mistari, soma tena. Zilizorudi ndizo zako.

## Hatua ya 7: Kama herufi ni U, pima nyaya

Toa waya hasi wa betri, subiri dakika chache. Kwenye soketi ya skana chini ya usukani, pima omu (ukinzani wa umeme) kati ya pini ya 6 na ya 14.

- Karibu 60: njia hiyo ni nzima.
- Karibu 120: upande mmoja umekatika.
- Karibu 0: nyaya mbili zimegusana.

Tahadhari, magari mapya yana kompyuta ya katikati inayogawa matawi. Ukipata 60 hapo hujathibitisha tawi la kamera. Litafute kwenye plagi ya kamera yenyewe, na ukiwa huko angalia kutu au maji, maana gari lililobadilishwa kioo kwa gundi mbovu huvuja maji juu kabisa, pale kamera ilipo.

## Hatua ya 8: Kalibresheni

Inahitajika kamera ikitolewa, kioo kikibadilishwa, au mkao wa gari ukibadilika. Kuna ya kusimama, ambapo ubao maalumu huwekwa mbele ya gari kwa vipimo vya mtengenezaji, na kuna ya kuendesha, ambapo kamera hujifunza penye mistari iliyo wazi. Gari lako linachagua, si fundi. Toyota na Subaru nyingi hudai ubao.

Kabla ya kulipa, tazama vitu viwili kwenye gereji. Sakafu iko sawa? Na fundi anapima kwa futi na uzi kutoka katikati ya gari, au anaukadiria ubao kwa jicho? Akikadiria, ondoka. Ukikumbuka zile sentimita 87 hutaona haya.

Usifanye kalibresheni kama hatua ya 4 haijakaa sawa. Ukinyanyua gari wiki ijayo, fedha imepotea.

## Hatua ya 9: Jaribu barabarani

Barabara ya kasi ya Kampala kwenda Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, inafaa: ina njia zaidi ya moja kila upande na mistari unayoweza kuifuata kwa macho. Nenda Jumapili asubuhi, pasipo mvua. Wewe endesha, mwenzako atazame dashibodi na kuandika.

Shika kilomita 70 hadi 80 kwa saa. Subiri alama ya mistari kwenye dashibodi ibadilike rangi au ijae, ishara kwamba kamera imeiona. Kioo cha pembeni kikiwa kitupu, sogea taratibu kuelekea mstari wa kushoto bila indiketa, rudi. Kisha kulia. Mara tatu kila upande. Kwenye barabara ya njia mbili zinazokutana, jaribio la kulia usilifanye kabisa.

Gari zima huonya tairi likikaribia au kugusa mstari, kushoto na kulia kwa umbali unaolingana. Likiwahi sana kushoto na kuchelewa kulia, kamera imepinda: rudi hatua ya 4, kisha ya 8.

## Lini ununue kamera

Kioo safi, mkao sawa, umeme sawa, nyaya nzima, na kodi inayosema kamera yenyewe imeharibika ndani inarudi kila ukifuta. Hapo nunua. Chukua namba yote iliyo kwenye kibandiko cha ile ya zamani, mpaka tarakimu ya mwisho, kwa sababu kamera mbili za Harrier za miaka tofauti zinaweza kuingia kwenye breketi moja na zisizungumze na gari moja. Kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba itarudi ikikataa kukalibretiwa, na kamera ya zamani usimwachie fundi hadi hatua ya 9 ipite.